Nembo ileile, jezi tofauti: Kwa nini kampuni hung'ara mchezo mmoja na kuvurunda mwingine

MWANZONI mwa mwaka 2024, wachezaji wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, walipoingia kambini kujiandaa na msimu mpya, walikabidhiwa sare zilizobuniwa upya na kampuni ya Nike. Haukupita muda mrefu malalamiko yakaanza.

Majina mgongoni yaliandikwa kwa herufi ndogo kuliko ilivyozoeleka. Rangi ya kijivu ya jezi haikulingana na ile ya suruali, jasho liliacha madoa yaliyoonekana waziwazi, na suruali zilikuwa nyepesi kiasi cha kuonyesha pindo la jezi lililochomekwa ndani.

Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, chama cha wachezaji kiliwaarifu wanachama wake kuwa marekebisho yangekamilika kufikia msimu wa 2025, na lawama kikaielekeza kwa Nike.

Kampuni hiyohiyo, miaka sita kabla, ndiyo iliyobuni jezi ya Nigeria ya Kombe la Dunia la 2018. Ilipoanza kuuzwa Juni 1, 2018, mashabiki walipanga foleni nje ya duka la Nike jijini London, na jezi hiyo ikaisha upesi.

Inakuwaje basi kampuni moja, yenye fedha na wataalamu walewale, isifiwe katika soka na kuzomewa katika besiboli?

Si Nike pekee

Kasoro hizi hazina mwenyewe. Adidas, ambayo imeivalisha timu ya soka ya Ujerumani kwa miongo mingi, ilijaribu kubadili vazi la mpira wa kikapu mwaka 2013 kwa kuleta jezi zenye mikono mifupi katika ligi ya NBA. Golden State Warriors ndio waliozianza.

Wachezaji kadhaa walilalamika kuwa mikono hiyo iliwabana wakati wa kurusha mpira. Novemba 2015, LeBron James aliichana mikono ya jezi yake katikati ya mchezo dhidi ya New York Knicks. Nike ilipochukua mkataba wa NBA msimu wa 2017/18, mtindo huo ukaachwa.

Hata hivyo, Nike nayo haikusalimika. Usiku wa kwanza wa msimu huo, Oktoba 17, 2017, jezi mpya ya James ilipasuka mgongoni, na wiki zilizofuata jezi za wachezaji wengine nazo zikachanika.

Puma ina historia kama hiyo. Usain Bolt alikuwa amevaa nembo yake aliposhinda mita 100 za Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 kwa sekunde 9.69. Lakini Juni 19, 2016, katika michuano ya Ulaya, jezi za Uswisi zilichanika moja baada ya nyingine dhidi ya Ufaransa mjini Lille. Kampuni ilieleza kuwa nyuzi za shehena moja ya kitambaa ziliharibika wakati wa utengenezaji.

Mchezo huamua vazi

Sababu ya kwanza ya tofauti hizi ni kwamba kila mchezo huudai mwili kwa namna yake. Mkimbiaji wa mita 100 hukimbia katika njia yake bila kushikwa na mtu, hivyo wepesi wa vazi ni faida tupu. Beki wa soka huvutwa jezi kila mpira wa kona unapopigwa. Kitambaa kilichopunguzwa uzito kwa ajili ya kasi huweza kushindwa pale mikono ya mpinzani inapoingia. Nguo ya kuazima haisitiri, walisema wahenga.

Sababu ya pili ni kanuni. Mwaka 2002 Puma iliivalisha Cameroon jezi zisizo na mikono, nayo ikatwaa nazo Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Mali. FIFA ilizikataa, na katika Kombe la Dunia mwaka huo zikaongezwa mikono myeusi.

Mwaka 2004 ilikuja na vazi lililounganisha jezi na bukta. FIFA iliitoza Cameroon faini na kuipokonya pointi sita za kufuzu Kombe la Dunia la 2006, ingawa baadaye pointi hizo zilirejeshwa. Ubunifu ulikuwa wa kampuni, adhabu ikawa ya timu.

Mbunifu na mshonaji

Tatu, aliyechora siye aliyeshona. Sare za MLB zilibuniwa na Nike lakini zikashonwa na kampuni nyingine, Fanatics, katika kiwanda cha Pennsylvania. Mashabiki wengi waliilaumu Fanatics kwanza, kabla ya chama cha wachezaji kueleza vinginevyo.

Aidha, kampuni hupenda kutumia kiolezo kimoja kwa timu nyingi, kisha kubadili rangi na nembo tu. Kiolezo kikiwa kizuri, wote hunufaika. Kikiwa na dosari, ligi nzima huivaa dosari hiyo.

Nne, mwenye kuvaa mara nyingi siye mwenye kuamua. Mkataba hutiwa saini na ligi au shirikisho, na fedha za rejareja hutoka mfukoni mwa shabiki. Jezi yenye mikono ni rahisi kuvaliwa mtaani kuliko isiyo na mikono, lakini anayerusha mpira ana hesabu zake.

Vazi lina mipaka

Ni haki pia kutolitwisha vazi kila kushindwa. Katika Olimpiki ya Sochi mwaka 2014, wateleza barafuni wa Marekani walizitilia shaka suti mpya za Under Armour na kurudia zile za zamani katikati ya mashindano. Medali haikupatikana, na baadaye shirikisho lao likaongeza mkataba na kampuni hiyo.

Mfano wa karibu nasi ni wa Faith Kipyegon wa Kenya, bingwa mara tatu wa Olimpiki katika mita 1,500. Nike ilimtengenezea vazi lake mwenyewe kwa jaribio la kukimbia maili moja chini ya dakika nne, jijini Paris, Juni 26, 2025. Alitumia muda mfupi kuliko rekodi yake ya dunia ya dakika 4:07.64, ingawa mazingira ya jaribio hilo hayakuruhusu kutambuliwa kama rekodi.

Hapo vazi lilianza kwa mwili wa mkimbiaji mmoja na mbio moja. Timu nyingi hazipati bahati hiyo, lakini zinaweza kudai lililo dogo zaidi: wachezaji waivae jezi katika mchezo halisi kabla mkataba haujatiwa saini, na mkataba utaje nani atashona na nani atalipa jezi ikichanika au ikikataliwa na waamuzi. Ukubwa wa nembo kifuani haujibu lolote kati ya hayo.