Kiti cha Kuandikia: Kutoka Mkeka wa Mtoni hadi Makarani wa Arusha



Orodha ya vyombo vya bibi harusi tunaijua kwa moyo. Kitanda, kabati, meza ya vioo, makochi, mazulia, vyombo vya jikoni. Sijapata kuona orodha yenye kiti cha kuandikia. Na ilhali mabibi harusi wengi wa siku hizi ni makarani, wahasibu, walimu wanaosahihisha madaftari usiku, wanafunzi wanaomalizia tasnifu, na wale wanaouza mabuibui kwa kompyuta wakiwa nyumbani. Wanakaa saa sita, saa nane, juu ya kiti cha meza ya chakula na mto umekunjwa nyuma. Ikifika alasiri kiuno kinawaka moto. Mmoja atasema ni uzazi, mwengine ni baridi, mwengine husda. Mara nyingi ni kiti tu.

Leo nimependa tukizungumze kiti hiki kwa historia yake, kwa sababu hakikutufikia sisi wanawake kwa njia ile kilivyowafikia wanaume. Naandika kutoka Sekei, Arusha, chini ya Mlima Meru, na mji huu una mengi ya kusema juu ya watu waliokaa ofisini.

Tuanzie kwetu pwani. Kiti maarufu kuliko vyote ni kiti cha enzi, kile cha mpingo kilichopambwa kwa vipande vya mfupa au pembe, chenye mgongo ulionyooka na nyuzi zilizosukwa kwenye kikalio na mgongoni. Mafundi wa Lamu, Pate, Siyu, Mombasa na Unguja walivitengeneza, na vingi vilivyobaki hadi leo ni vya karne ya 19. Wataalamu wanabishana mpaka leo asili yake: wengine wanataja Misri, wengine Wareno, wengine Bara Hindi. Mimi nadhani fundi wa Siyu alichukua alichokipenda kwa kila mmoja akatengeneza chake. Kilichonivutia si asili bali matumizi. Kiti kile hakikuwa cha kupumzikia. Kilikuwa cha heshima: akiwekwa mgeni mkubwa au mzee wa nyumba, anakaa amenyooka, haegemei ovyo, watu wanamtazama. Na chini yake, mbele, kina kibao cha kuwekea miguu. Kikumbukeni kibao hicho, tutakirudia.

Baraza la mawe nje ya nyumba lilikuwa la wanaume. Sisi tulikuwa na mkeka, busati, kigoda, na mbuzi ya kukunia nazi. Bara nako mambo hayakutofautiana sana. Kigoda kilichochongwa kwa gogo moja mara nyingi kilikuwa cha mzee wa kiume, na mtu mwengine hakikalii. Lakini msije mkadhani wanawake hawakufanya kazi za kukaa. Nani aliyekuna nazi? Nani aliyesuka ukili, akashona kofia za mkono tundu moja baada ya jengine kwa wiki nzima? Kazi ilikuwa ndefu, ila mkeka una siri yake: haukulazimishi kukaa namna moja. Mtu hukunja mguu huu, akaunyoosha ule, akaegemea ukuta, akainuka kutazama chungu, akarudi. Kiti cha ofisi kilikuja na amri ya kutulia.

Kuandika nako kulikuwa na mlango wake. Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886 kwamba watoto wa kasri walisomea mkekani, na kwamba wasichana walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana. Yeye alijifundisha kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ndiyo iliyomfanya, akiwa msichana wa miaka kama kumi na mitano, awe mwandishi wa barua wa upande wa ndugu yake Barghash katika njama ya mwaka 1859 dhidi ya Sultani Majid. Njama ilishindwa. Lakini ukinitaka nikutajie karani mwanamke wa kwanza wa Unguja ninayemjua kwa jina, nitakutajia huyo, na kazi yake aliianzia mkekani.

Skuli ya serikali ya wasichana Unguja ilifunguliwa mwaka 1927, na hofu ya wazazi wengi ilikuwa ileile, kwamba binti akijua kuandika ataandika barua za mapenzi. Polepole ikaeleweka. Binti akakaa kwenye deski, kisha akawa mwalimu, kisha muuguzi, kisha mpiga chapa.

Hapo ndipo tunapofika Arusha. Mwaka 1967 sote tunaukumbuka kwa Azimio la Arusha, lakini tarehe 6 Juni mwaka huohuo marais Nyerere, Kenyatta na Obote walitia saini kule Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makao makuu yakawekwa hapa. Jumuiya ile ilishika reli, bandari, ndege, posta na simu za nchi tatu. Hebu fikirieni karatasi zake! Kila behewa, kila meli, kila mshahara, kila barua baina ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ilipigwa chapa na mtu aliyekaa, tena kwa nakala kadhaa za kaboni, ambazo humlazimisha mtu abonyeze herufi kwa nguvu. Jengo kubwa la makao likajengwa, lenye mabawa matatu yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata jengo likawa Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, ambacho kutoka huku Sekei ni safari fupi tu.

Viti vya ofisi za zama zile vilikuwa na daraja zake, na hili liliigwa kutoka Ulaya na Marekani. Bwana mkubwa alikaa kiti kipana chenye mgongo mrefu na mikono ya kuegemea. Mpiga chapa, ambaye ndiye aliyekaa saa nyingi zaidi, alipewa kiti kidogo kisicho na mikono, chenye kibao kifupi cha mgongoni. Kiti cha mpiga chapa kilianza kuuzwa sana baina ya miaka ya 1920 na 1930, kikisifiwa kuwa humfanya msichana asichoke na apige kurasa nyingi zaidi. Kwa hiyo hata huruma ile ilikuwa na hesabu yake. Ilibidi tufike mwaka 1976, mwaka mmoja kabla ya Jumuiya kuvunjika, ndipo Mmarekani Bill Stumpf alipotoa kiti alichokiita Ergon, kilichotengenezwa kwa kutazama mwili unavyokaa, unavyoegemea na unavyojigeuza, badala ya kutazama cheo cha mkaaji.

Kisha likaja lile ambalo Arusha haitalisahau. Baraza la Usalama liliunda Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwezi Novemba 1994, na mwaka 1995 likaamua makao yake yawe Arusha. Mahakama ikaingia katika jengo la AICC, ikakaa hadi tarehe 31 Disemba 2015. Watu 93 walishtakiwa. Mashahidi zaidi ya 3,000 walisikilizwa. Na mahakama, mkiifikiria kwa jicho la mada yetu, ni kazi ya kukaa tupu: jaji anakaa, shahidi anakaa, mkalimani anakaa kwenye kibanda chake cha kioo, mwandishi wa kumbukumbu anakaa akipiga kila neno. Miaka ya mwanzo maneno ya shahidi yalitoka Kinyarwanda yakaingia Kifaransa, kisha Kiingereza, na jibu la dakika moja likawa la dakika kadhaa.

Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ndogo ya Taba, ilianza mwaka 1997. Wanawake wa Taba walikuja Arusha wakakaa mbele ya majaji watatu, mmoja wao Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, jaji mwanamke pekee wa mahakama hiyo wakati ule. Wakasema yaliyowapata miili yao. Hukumu ilitoka tarehe 2 Septemba 1998, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kuwa ubakaji unaweza kuwa kitendo cha mauaji ya kimbari. Maneno yale hayakubaki hewani. Mtu aliyasikiliza, akayafasiri, mtu akayaandika, mtu akayasahihisha mpaka usiku, na huyo hayumo katika picha za magazeti. Wakalimani kwa desturi ya fani yao hupokezana kila nusu saa hivi, kwa kuwa akili huchoka kabla ya mwili. Mpiga chapa wa ofisi ya kawaida hana wa kumpokea.

Sasa, madhara ya kukaa si ugunduzi wa juzi. Tabibu wa Italia Bernardino Ramazzini alichapisha mwaka 1700 kitabu cha maradhi ya wafanyakazi, na katika toleo la 1713 akaongeza waandishi. Alitaja mambo matatu yanayowaumiza: kukaa bila kuinuka, mkono kwenda namna moja bila kupumzika, na akili kukazwa isikosee. Miaka mia tatu imepita na sina la kumuongezea ila kioo cha kompyuta. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa ya London na makondakta wao. Basi moja, zamu moja, lakini dereva aliyekaa alipata maradhi ya moyo zaidi kuliko kondakta aliyepanda na kushuka ngazi siku nzima. Na Sweden, katika miaka ya 1960, daktari Alf Nachemson alipima mgandamizo ndani ya diski za uti wa mgongo kwa sindano; akaona kukaa bila kuegemea kunaubana mgongo kuliko kusimama, na kwamba mtu akiegemea nyuma kidogo mzigo hupungua. Vipimo vya baadaye vimeona tofauti ya kukaa na kusimama si kubwa kama alivyodhani, lakini hilo la kuegemea limebaki. Kwa hiyo yule mwalimu aliyekupiga rula ya mgongo ukae kama mlingoti, mwambieni alituonea.

Nimelisisitiza hili kwa sababu nawaona misikitini na kwenye maulidi. Wanawake wa miaka thelathini na tano wanasali kitini. Ruhusa ipo, alhamdulillah: Imran bin Huswayn alikuwa na maradhi, Mtume (s.a.w.) akamwambia asali amesimama, asipoweza akae. Ruhusa ile ni rehema kwa mgonjwa. Inaniuma kuona mtu anaifikia mapema, hawezi kusujudu, kwa ajili ya kiti cha elfu ishirini alichokalia miaka kumi.

Basi unaponunua, au mnapomwandikia bibi harusi, anzeni na miguu. Viti vya meza ya chakula vingi vina kimo cha sentimita 45 hivi, na mwanamke wa sentimita 155 anahitaji kiasi cha 40 ili nyayo zake zikae sakafuni zote. Meza nazo nyingi ni kiasi cha 75. Hapo ndipo mtego ulipo: ukishusha kiti miguu ifike chini, mabega yanapanda kuifuata meza, ukikipandisha uifikie meza, miguu inaning'inia na ukingo wa kiti unabana chini ya mapaja. Dawa yake aliijua fundi wa kiti cha enzi: kibao cha miguu. Pandisha kiti mpaka viwiko vilingane na meza, kisha weka kibao chini. Seremala yeyote atakukatia kwa pesa kidogo. Huku kwetu Meru misaiprasi imejaa, na kwa kibao cha miguu mbao yake inatosha kabisa.

Halafu tazama kina cha kikalio. Kaa mpaka nyuma, mgongo uguse, kisha pitisha vidole baina ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Vikipita viwili vitatu, kiti ni chako. Visipopita, kiti kimepimiwa mwanamume mrefu, na utaishia kukaa ukingoni kama mgeni aliyekuja kuposa. Mgongo wa kiti uwe na uvimbe pale kiunoni panapoingia ndani, na uegemee kidogo. Mikono ya kiti isizuie kuisogelea meza. Sifongo ibonyeze kwa ngumi dukani: ukihisi ubao, iache. Kiti cha mtumba cha ofisi kilichochoka kitambaa lakini chuma chake kizima mara nyingi ni bora kuliko kipya cha kung'aa. Ila kikalie dakika kumi uone kama hakishuki chenyewe, maana ile bomba ya hewa ikifa kiti kinakuwa kigoda.

Kuinuka kwako kusitegemee adhuhuri na alasiri peke yake. Kila nusu saa, kama wakalimani, inuka hata kuchota maji. Na kwa wenye viti vya magurudumu: pindo la buibui likunjeni mapajani kabla hamjajisukuma nyuma. Gurudumu likishalimeza, hutoki hapo bila mkasi.