Mikopo ya Wafanyabiashara Wadogo: Mtaji, Riba na Ajira katika Sekta Isiyo Rasmi

Tunaposema sekta isiyo rasmi, tunamaanisha kazi halali zinazofanyika bila mkataba, bila bima na bila akiba ya uzeeni: mama lishe, mwenye genge la nyanya, fundi viatu, dereva wa bodaboda, kibarua wa ujenzi. Jina hilo lilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1970, kutokana na utafiti wa Keith Hart mjini Accra na taarifa ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972. Ni jina lenye kasoro, kwa kuwa huwatambulisha watu kwa kile wasicho nacho. Tena si kundi dogo: kwa takwimu za shirika hilo za mwaka 2018, asilimia 85.8 ya wenye kazi barani Afrika wamo humo. Ndio tunaoketi nao kila juma katika Jumuiya Ndogondogo.

Watu hawa wanahitaji mtaji, lakini benki nyingi hudai dhamana na hesabu za maandishi. Zaidi ya hayo, kumchunguza mwombaji wa shilingi 300,000 huigharimu benki karibu sawa na kumchunguza mwombaji wa milioni 30. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo iliyojazwa na mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu.

Tuchukue mfano. Mama anakopa shilingi 300,000 na kurejesha 30,000 kila juma kwa majuma 12. Jumla atalipa 360,000, naye huambiwa kwamba riba ni asilimia 20 tu. Lakini hakai na zile 300,000 kwa miezi mitatu. Kufikia juma la sita amekwisha kurudisha nusu ya mtaji, ilhali riba bado inahesabiwa kana kwamba fedha yote imo mkononi mwake. Ukihesabu kwa deni linalobaki, riba hiyo inapita asilimia 12 kwa mwezi. Na rejesho la kwanza hudaiwa baada ya siku saba, kabla mzigo aliounua haujauzwa wote. Juma ambalo mtoto ameugua, au mvua imezuia wateja, rejesho hutoka katika mtaji wenyewe. Ndipo hukopwa mkopo wa pili ili kulipa wa kwanza, kisha hufuata kuchukuliwa kwa godoro, runinga na vyombo, na pengine ugomvi wa ndoa, maana mume hakujua.

Hasara hiyo haimwishii mkopaji. Biashara ya chakula inapofungwa, binti aliyeosha vyombo kwa ujira wa siku naye hukosa kazi, na mkulima aliyemletea mchicha hupoteza mnunuzi. Mkopo wenyewe hauzai ajira. Ajira huzaliwa pale faida inapobaki kwa mwenye biashara baada ya rejesho, ikamwezesha kumlipa msaidizi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma hizo nchini Tanzania katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii. Kwa daraja la pili, ambamo wakopeshaji wengi wa mitaani wamo au wangepaswa kuwamo, Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopeshaji wa mfano wetu yuko mbali mno na kiwango hicho. Novemba 2024 Benki hiyo ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Riba ya kunyonya si jambo geni kwa Kanisa. Papa Leo XIII aliitaja katika Rerum Novarum mwaka 1891 miongoni mwa mateso ya wafanyakazi. Kabla yake, mwaka 1462, Wafransisko walichochea kuanzishwa kwa mfuko wa kukopesha maskini kwa rehani mjini Perugia, Italia. Papa Benedikto XVI aliikumbuka mifuko ya aina hiyo katika Caritas in Veritate mwaka 2009 alipozungumzia mikopo midogo ya siku hizi.

Karibu zaidi nasi ni VICOBA. Mbegu yake ilipandwa mwaka 1991 kati ya wanawake wa Maradi, nchini Niger, kwa msaada wa shirika la CARE, kisha ikafika Zanzibar na Bara. Wanachama hununua hisa kila juma, fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Riba wanayolipa hurudi kwao wakati wa kugawana. Udhaifu wake ni kwamba maskini wakichanga, mfuko hubaki mdogo, na mwanachama akishindwa kulipa, deni huwa la jirani.

Kwa mahitaji makubwa zaidi ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikarejeshwa mwaka 2024. Huombwa kwa kikundi kilichosajiliwa, na pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.