Njiwa mpya: kwa nini anarudi kwa mwenye kumuuzisha

Njiwa mkubwa aliyezoea kuruka kwingine hasahau kibanda chake cha kwanza. Ukimufungulia, hata kisha miezi mingi, anaweza kurudi kule, na pesa yako imepotea. Ndiyo maana wafugaji wanapenda kununua watoto wa wiki 4 mpaka 6: wanakula wenyewe, lakini hawajaruka mbali.

Wafungie kwanza wiki moja ao mbili, penye dirisha ya waya ili waone inje. Wape chakula ndani, kila mara na mluzi ule ule. Siku ya kuwafungulia, iwe mangaribi, wakiwa na njaa, bila kuwatisha.

Mkubwa yeye abaki ndani na mwenzake, wazae. Mayai ni 2, yanaanguliwa kisha siku karibu 18. Watoto hao ndio watajua kwako kuwa kwao.