Historia ya Mvua katika Nchi ya Kasese

Kahendero ni kijiji cha wavuvi kilicho kando ya Ziwa George, wilayani Kasese. Ziwa hilo hulishwa na mito itokayo Milima ya Rwenzori, kwa hiyo mvua ikizidi au ikipungua mlimani, habari zake hufika pwani ya ziwa bila ya tarishi. Mto Nyamwamba, mmojawapo wa mito hiyo, ulifurika tarehe 1 Mei, 2013, na tena Mei 2020. Basi ni haki kuuliza: je, mambo haya ni mageni, au babu zetu nao waliyaona? Vipimo vya mvua vilivyoandikwa havitoshi kutujibu, maana vingi havianzi kabla ya karne ya 20.

Katika nchi za baridi, mti huacha kukua wakati wa kipupwe, na ubao wake huonyesha pete moja kwa kila mwaka. Lakini mstari wa ikweta unapita katika wilaya hii ya Kasese, na mvua huja mara mbili kwa mwaka. Miti mingi ya huku haina pete dhahiri, na mingine huweza kufanya mbili kwa mwaka mmoja. Anayehesabu kwa macho atapotea.

Hapo ndipo kemia inaposaidia. Oksijeni iliyomo katika maji ina chembe nyepesi na chembe nzito. Aghalabu, katika nchi za joto, mvua kubwa huwa na chembe nzito chache kuliko mvua haba. Mizizi hunywa maji hayo, na alama yake hubaki katika ubao. Wataalamu huupasua ubao vipande vyembamba mno, wakapima kimoja kimoja, na misimu ikajitokeza hata pasipo na pete. Mwaka 2004, Michael Evans na Daniel Schrag waliieleza njia hiyo kwa miti ya Costa Rica.

Kwa karne zilizo mbali zaidi, tope la ziwa ndilo shahidi. Wachimba chumvi wa Katwe wanajua kwamba jua likikausha maji, chumvi huzidi ukali. Vivyo hivyo, Ziwa Edward lilipopungua, magnesiamu iliongezeka katika chokaa iliyotuama chini. Mwaka 2007, James Russell na Thomas Johnson walionyesha kwa kipimo hicho kwamba palikuwa na ukame mkali huku baina ya miaka ya 1400 na 1750 hivi. Ajabu ni kwamba Naivasha, nchini Kenya, sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa na maji mengi, ingawa vipindi vya ukame viliingia kati.

Kwa hiyo historia ya mvua haiazimwi kwa jirani. Kila nchi yataka mashahidi wake: tope, miti, na kumbukumbu za wazee juu ya miaka ya njaa. Tope litangoja. Lakini mti mkongwe ukichomwa makaa kabla ya kupimwa, na mzee akifariki kabla ya kuulizwa, ushahidi wao haurudi. Walimu wa Kasese wanaweza kuanza na wazee, kwa kuwatuma wanafunzi wakaulize na kuandika.