Grisi ni Grisi?

Gari la mjomba lilianza kuvuta kushoto tulipokuwa tunateremka kwenda Wami. Anayeijua barabara ya Chalinze kwenda Segera anaujua mteremko ule. Daraja jembamba la mwaka 1959 limepata mrithi mpana, lakini kilima bado kipo. Nyuma walikaa abiria sita, mmoja na mtoto mgongoni. Mjomba hakusema neno mpaka tulipovuka na kuegesha. Tairi la mbele kushoto lilikuwa la moto, linanuka kama chuma kilichotoka kwa mhunzi.

Abiria wakapandishwa gari jingine, sisi tukarudi Chalinze mdogomdogo. Fundi akafungua tairi, akashusha kalipa, akashika pini kwa koleo. Haikutoka. Kalipa ya magari mengi madogo ya Kijapani huteleza juu ya pini mbili: pistoni inasukuma padi ya ndani, kalipa nzima inarudi nyuma na kuivuta padi ya nje, diski inabanwa pande zote mbili. Pini zikigoma, padi moja inalika peke yake, na pengine haiachii kabisa. Ile pini ilipotoka kwa nyundo, kipete chake cha mpira kilikuwa kimevimba kama tambi iliyosahaulika majini.

“Nani alipaka grisi humu?” mjomba akauliza.

“Mimi mwenyewe,” fundi akasema, bila kuficha. Akanionyesha kopo, grisi ileile ya bearingi. “Mwanangu, grisi ni grisi.”

Mimi nasoma historia, nina tasnifu ambayo haihusiani hata kidogo na gereji, lakini sentensi hiyo ilinikaa kichwani kuliko sura yangu ya pili. Hakuwa mzembe. Alichokisema kiliwahi kuwa kweli.

Pwani yetu imejua grisi kabla ya magari. Waunda majahazi wa Bagamoyo na bandari jirani walipaka chini ya chombo deheni, yaani shahamu ya mnyama iliyochanganywa na chokaa, ili maji na wadudu wasiule ubao. Shahamu ikikutana na chokaa huanza kuwa sabuni isiyoyeyuka majini. Ulaya ya karne ya 19 ilifanya jambo la jamaa hilohilo kwa ajili ya mashine: mafuta, chokaa, kisha mafuta ya petroli ya kulainisha. Grisi ya namna hiyo haiogopi maji, ila ikikaribia nyuzi 100 za joto inaanza kukimbia. Grisi ya litiamu, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1942 kwa jina la Clarence Earle, ilistahimili maji na joto la karibu nyuzi 180 kwa pamoja, ikaenea duniani kote. Kopo la fundi wetu ni mjukuu wa hiyo.

Kisha malori. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa wazungu wachache tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta, na mapipa yakaanza kupanda kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Yalipita hapa Chalinze, yakaenda Morogoro, Iringa, Mbeya, sehemu kubwa ikiwa vumbi kiangazi na matope masika. Magazeti ya Kiingereza yaliiita safari ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la kilomita 1,710 hadi Ndola lilipunguza mzigo wa mafuta, lakini malori hayakuondoka tena. Lori la zama hizo lilikuwa na breki za ngoma. Grisi yake ilikwenda kwenye bearingi, springi na viungo vya shafti, na kanuni kuhusu breki ilikuwa moja tu: usiisogeze. Fundi aliyejifunza kwa fundi aliyejifunza kwenye malori hayo hakuhitaji kopo la pili.

Diski ilikuwepo muda wote, mbali. Frederick Lanchester aliiandikia hataza Uingereza mwaka 1902. Jaguar ikashinda nayo Le Mans mwaka 1953. Kwetu, naona iliingia gereji za barabarani kwa wingi pale serikali ilipolegeza uagizaji kuanzia 1984 na magari yaliyotumika ya Japani yakafuata. Magari yalishuka melini. Maelezo ya kuyatunza, kama yalikuwemo ndani, yaliandikwa Kijapani.

Tatizo ni mpira. Mpira wa breki za siku hizi umetengenezwa kuvumilia mafuta ya breki, ambayo si ya petroli. Grisi ya petroli inauingia na kuuvimbisha. Pini na vipete vyake vinataka grisi ya silikoni ya breki. Migongo ya padi, chuma kinapogusana na chuma, inataka ya seramiki inayovumilia moto, kidogo sana. Uso wa padi na diski hautaki chochote. Iko pia ile nyekundu ya kuunganishia mipira ya pistoni, na hii ndiyo iliyonichekesha: asili yake ni mafuta ya nyonyo. Hata mafuta ya breki ya mwanzo yalikuwa nyonyo na spiriti. Nyonyo hayohayo dada zangu wanayopaka nywele, na Tanganyika ilikuwa ikisafirisha mbegu zake ng'ambo.

Nilirudi wiki iliyofuata na tyubu ndogo ya silikoni kutoka Kariakoo. Fundi aliinusa, akaisugua kati ya vidole, akauliza bei. Nilipomtajia akaguna.

“Kwa hela hiyo napata kopo zima.”

“Ndiyo, mzee.”

Akapangusa pini mpya kwa kitambaa, akapaka utando mwembamba, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikaingia, ikarudi. Akaisukuma tena. Kisha akaweka tyubu rafu ya juu, mbali na kopo, akamwita kijana wake aje aangalie.