Dola ya Wangoni na Uislamu wa Namtumbo



Wapo wanaodai kuwa Uislamu wa kusini uliingia kwa bunduki ya mfanyabiashara na kwa amri ya watawala. Mwenye dai hilo na aitazame historia ya Namtumbo, wilaya iliyomegwa kutoka Songea mwaka 2002.

Chimbuko la Wangoni ni kusini mwa Afrika. Walihama katika zama za vita vya Shaka, wakiongozwa na Zwangendaba, wakauvuka mto Zambezi mwaka 1835 na kufika Ufipa. Alipofariki huko katika miaka ya 1840, wafuasi wake walifarakana. Baadhi yao walishuka hadi Songea, wakawakuta Wangoni wa Maseko, wakawapiga na kuwafukuza ng'ambo ya Ruvuma. Zikasimama dola mbili: Mshope kaskazini na Njelu kusini.

Wandendeule, waliokuwa wenyeji, wakawa raia wa dola hizo. Vijana wao waliingizwa jeshini na wengine walichukuliwa mateka. Pembe za ndovu na watumwa walipelekwa Kilwa. Tuseme kweli hata kama ni chungu: baadhi ya waliofanya biashara hiyo walikuwa Waislamu. Lakini misafara hiyo ilipita miaka mingi bila ya umma wa raia kusilimu.

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma Songea, na mwaka 1898 misheni ya Wabenediktini ikaanza Peramiho. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, dawa ya maji ililetwa Ungoni na Omari Kinjala. Lakini Rashid bin Masoud, mfanyabiashara wa Kikole, aliwasaidia Wajerumani. Kwa hiyo, jina la Kiislamu lilikuwapo pande zote mbili. Tarehe 27 Februari 1906 makumi ya viongozi walinyongwa Songea, akiwemo Mputa Gama wa Njelu. Chabruma wa Mshope alikimbilia Msumbiji. Mashamba na maghala yalichomwa moto, na njaa ikaua watu wengi.

Ni baada ya mkuki huo kuvunjika ndipo Uislamu ulipoenea kwa kasi kusini. Wangoni wengi wa magharibi, karibu na misheni, wakawa Wakatoliki. Wandendeule wengi wa mashariki wakawa Waislamu, kama walivyokwishakuwa majirani zao Wayao. Hapakuwa na jeshi wala mfalme wa kuwalazimisha. Ukweli huu unaafikiana na Aya ya 256 ya Suratul Baqara, inayokataza kulazimishana katika dini. Nayo Aya ya 13 ya Suratul Hujurat haimpi mtawala daraja juu ya raia wake ila kwa uchamungu.

Ndugu zetu maimamu na wanafunzi, umma wetu ndio uliohifadhi Hadithi kwa isnadi. Basi tuwaulize wazee wa Namtumbo: nani alikusomesha, na mwalimu wako alisomeshwa na nani? Tuyaandike majibu yao wangali hai, kwani kila jeneza tunalolisindikiza huondoka na sehemu ya silsila hiyo.

Wallahu a'lam.