Mlango wa Funguo Mbili

Shule niliyosoma ilikuwa na kabati la vitabu lenye ufunguo mmoja. Ufunguo huo ulikaa kwa mwalimu mmoja, na mwalimu alipohamishwa, ukaondoka naye. Mwaka mzima tulivichungulia vitabu kupitia kioo, tukisoma majina kwenye migongo yake hadi tukayakariri, mpaka siku alipoitwa fundi seremala kung'oa bawaba. Kabati lile ndilo lililonijia akilini, miaka mingi baadaye, niliposimama mbele ya mlango wa maktaba ya Malatestiana katika mji wa Cesena, kaskazini mwa Italia.

Mlango ni wa mbao za mjozi, umechongwa kwa mkono unaojua kazi, na una tarehe yake: 15 Agosti 1454. Ulitengenezwa ufunguliwe kwa funguo mbili. Ufunguo mmoja walishika watawa Wafransisko, kwa kuwa maktaba ilijengwa ndani ya konventi yao. Wa pili ulishikwa na halmashauri ya mji. Mtawa peke yake hakuweza kuingia, wala mtu wa halmashauri peke yake. Ilibidi wafike wote wawili.

Nilikuwa nimetoka Bologna kwa treni asubuhi. Wasafiri wengi husinzia hadi Rimini, kwenye fukwe, na Cesena huwapita dirishani. Mimi niliteremka kwa sababu ya mlango huo tu. Nilikuwa nimesoma habari zake nikiwa nyumbani, na tangu hapo sikutulia.

Aliyeujenga ukumbi huu ni Malatesta Novello, mtawala wa Cesena, aliyezaliwa mwaka 1418 katika ukoo uliojulikana kwa upanga kuliko kwa kalamu. Kaka yake Sigismondo, bwana wa Rimini, alitumia maisha yake vitani. Novello naye alianzia huko huko, lakini baada ya mguu wake kupata ulemavu, nguvu zake alizielekeza mjini: hospitali, kuta, na zaidi ya yote maktaba. Watawa walikuwa tayari na nia ya kujenga chumba cha vitabu. Yeye akalichukua jambo lao na kulikuza, akamwita msanifu Matteo Nuti kutoka Fano, na jengo likakamilika mwaka 1452.

Novello na mkewe Violante hawakujaliwa mtoto. Sijui kama hilo ndilo lililomfanya afikirie nani atabaki na vitabu vyake, lakini uamuzi alioufanya ulikuwa wa pekee kwa zama zake. Watawala wenzake waliweka vitabu ikulu, mali ya ukoo. Yeye alivikabidhi kwa mji. Shemeji yake Federico, bwana wa Urbino, alikuwa na maktaba iliyosifiwa Italia nzima, lakini ilikuwa ya nyumba yake. Mwaka 1657 ikachukuliwa na Papa, ikapelekwa Roma, na huko Vatikani ndiko iliko mpaka leo. Vitabu vya Novello havikwenda Roma. Yeye alifariki mwaka 1465, mji ukarudi mikononi mwa Papa, ukoo wa Malatesta ukaanguka, na vitabu vikabaki pale pale alipoviacha.

Mwongozaji alitukumbusha tusiguse kitu, kisha akasukuma mlango. Hakuna taa ndani. Mwanga wote hutoka madirishani, kwa sababu ukumbi ulijengwa wakati ambapo kuwasha mshumaa karibu na vitabu kulikuwa kucheza na moto kwelikweli. Nguzo nyeupe zimesimama safu mbili, matao yamekaa juu yake, sakafu ni nyekundu na kuta ni za kijani kilichopauka. Weupe, wekundu na kijani zilikuwa rangi za ukoo wa Malatesta. Ukoo huo ulikuwa pia na alama ya ndovu, naye yuko juu ya mlango na maneno ya Kilatini yanayosema kwamba ndovu wa India haogopi mbu.

Kisha nikayaona madawati. Nasema madawati kwa makusudi, maana ndivyo yalivyo: benchi na meza vimeungana kitu kimoja, kama tuliyokalia darasani. Yako 58, 29 kila upande. Chini ya ubao ulioinama wa kusomea pana rafu, na juu ya rafu vitabu vimelazwa. Kila kitabu kina mnyororo wa chuma uliopigiliwa kwenye jalada lake, na ncha ya pili imeshikwa na fito ya chuma kwenye dawati.

Nimewahi kuiona minyororo ya watumwa iliyohifadhiwa Bagamoyo, na kwa mtu wa pwani neno hilo lina uzito wake. Niliinama nikautazama mmoja wa karibu. Pete zake ni nyembamba, na urefu wake unatosha tu kukiinua kitabu kutoka rafuni na kukiweka juu ya ubao. Mnyororo huu ulikuwa wa kukizuia kitabu kisiondoke, ili msomaji wa kesho akikute kwenye dawati lile lile alipokiacha wa leo.

Na sababu ya kuvizuia ilikuwapo. Kitabu kimoja kikubwa kilimaanisha ngozi za mifugo wengi na miezi ya kuinamia kalamu. Novello aliajiri wanakili, mmoja wao akiwa Jean kutoka Épinal, ambao leo ni mji wa Ufaransa. Peke yake alinakili vitabu zaidi ya 30. Hebu fikiria macho ya mtu huyo na kidole chake cha kati. Jambo linalonigusa ni kwamba wakati fundi anamalizia mlango wa Cesena, huko Mainz, Ujerumani, Gutenberg alikuwa anachapa Biblia yake. Maktaba hii ilikamilika kwa ajili ya vitabu vya mkono katika miaka ile ile ambayo mashine ilianza kuwaondoa wanakili kazini.

Mwaka 1474 iliongezewa vitabu vya tabibu wa Novello, Giovanni di Marco wa Rimini. Leo miswada ya ukumbini ni 343. Mmoja, ulionakiliwa mwaka 1450, ni kitabu cha Agostino kuhusu Mji wa Mungu. Agostino alizaliwa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Nilifurahi kumkuta mwana wa Afrika humo ndani, tena akiwa miongoni mwa vitabu vilivyopambwa kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Hata hivyo kubaki kwa vitabu hivyo hakukuwa mteremko. Jeshi la Ufaransa la Napoleon lilipoingia, konventi iligeuzwa kambi, na vitabu vikahamishwa kwa muda. Watawa wakaondolewa na hawakurudi. Ufunguo wa kwanza ukakosa mwenyewe. Lakini wa pili ulikuwa bado kwa halmashauri, na mji ukavirudisha vitabu vyake kwenye madawati. Mwaka 2005 UNESCO iliiingiza maktaba hii katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Ng'ambo ya ukumbi huo, katika kabati la kioo, kuna barua ya Galileo kwa Cristina wa Lorraine, iliyochapwa Padova mwaka 1897 katika kitabu cha milimita 15 kwa 9. Ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Watoto waliokuwa nyuma yetu waligombania kukitazama, na mwalimu wao akawapanga foleni.

Niliwafuata watoto hao walipotoka. Malatestiana bado ni maktaba ya mji, na upande mpya uko wazi kwa kila mtu. Rafu hazina vioo. Mzee mmoja alikuwa anasoma gazeti, wanafunzi wametandaza madaftari, na binti wa miaka kama minane alinyanyuka, akachomoa kitabu rafuni bila kumwomba mtu, akarudi kukaa sakafuni. Nilivuta kiti nikakaa karibu na dirisha. Treni ya Bologna ilikuwa na saa mbili bado.